Mgonjwa Ndani ya Mtungi

Wengi waliopita Tunduma huikumbuka kwa foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Sisi tunaoishi hapa tunaijua pia kwa baridi yake ya Juni na Julai. Baridi hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba sikujua maana ya kumweka kiumbe chini ya uangalizi wangu.

Mapema mwaka 2021 mpwa wangu aliniletea kutoka Dar es Salaam samaki mmoja mwekundu, mwenye mkia mpana kama kanga iliyoanikwa. Alisafiri naye kwa basi, zaidi ya kilomita 900, akiwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Samaki huyo huitwa beta. Asili yake ni Siam, nchi iitwayo leo Thailand, ambako madume wamepiganishwa tangu zamani. Samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, ambalo haliko mbali na hapa, husafirishwa kwenda Ulaya kukaa katika vioo vya watu. Huyu alikuja kwa njia ya kinyume. "Mjomba," aliniambia mpwa wangu, "huyu hana shida. Anaishi hata kwenye gilasi."

Maneno hayo yalikuwa nusu kweli. Beta ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, hivyo hafi upesi katika maji machache. Lakini kutokufa upesi si kuishi. Nilimweka katika mtungi wa kioo wa lita 3 juu ya kabati, na wageni wakamsifu. Kila Jumamosi nilimwaga maji yote, nikausugua mtungi kwa sabuni na kuujaza maji ya bomba, baridi vilevile yalivyotoka. Nilijiona mtu msafi. Watoto walimtupia makombo ya ugali, nami sikuwakataza.

Julai mapezi yakaanza kuchakaa pembeni kama nguo iliyoliwa na mende. Akalala chini, hali. Nilifanya wafanyavyo wengi wetu tunapougua: nilikimbilia dawa kabla ya kuuliza chanzo. Palikuwa na kapsuli za tetrasaiklini zilizobaki nyumbani. Nikafungua moja na kumwaga unga wake mtungini. Maji yakageuka manjano, kisha kahawia, na samaki akazidi kudhoofu.

Jirani yangu, mama muuza mchele, alinikuta katika kazi hiyo. Alicheka kwanza, kisha akakasirika. "Mwalimu, dawa ya watu unampa samaki? Kwani samaki si mboga?"

Ungemjibu nini, ndugu msomaji? Katika mtaa wetu wapo wazazi wanaorudi kutoka duka la dawa na nusu dozi kwa sababu fedha haikutosha. Na mimi mwenyewe usiku uliotangulia nilikuwa nimekula dagaa.

Nimelifikiri swali lake muda mrefu. Tukipima kwa thamani ya samaki, yule mama ameshinda. Lakini dagaa niliowala hawakunidai chochote kabla ya kuvuliwa: waliishi ziwani, wakamkimbia adui, wakatafuta chakula walikopenda. Mbuzi wangu akikosa majani atalia, atakata kamba, ataingia shamba la jirani. Wa mtungini hana pa kukimbilia. Nisipobadili maji, ataogelea katika uchafu wake mwenyewe. Na joto lake ni lile ninaloamua mimi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hawezi kushika jembe, wala hawezi kuaga. Ugonjwa wake, basi, ulikuwa kazi ya mikono yangu, na kumtibu lilikuwa deni.

Hata hivyo, mama yule alisema kweli kuhusu kapsuli. Dawa hizo zikitumiwa ovyo, bakteria huzizoea, na usugu huo huishia kwa watoto wa watu. Tena huweza kuua hata bakteria wema wanaoota kwenye kioo na kupunguza makali ya amonia itokayo kwa samaki, wale wale niliokuwa nikiwasugua kila Jumamosi.

Nikaazima kipimajoto kwa mfuga vifaranga. Asubuhi maji yalikuwa nyuzi 16. Beta anataka kati ya 24 na 28. Nilimhamishia kwenye ndoo ya lita 20. Maji ya bomba niliyalaza usiku kucha ili klorini itoke, nikayapa joto sawa na yale ya ndoo, nikabadili robo tu kila siku. Nilisimamisha ndani chupa za maji ya moto, nikipandisha joto kidogo kidogo kwa siku tatu. Jiko la mkaa sikuliingiza, maana hewa yake inayoua watu ndiyo hiyo hiyo angeivuta naye. Chumvi niliiyeyusha kwanza, kijiko kimoja cha chai kwa lita 4, na baada ya siku kumi nikaiondoa. Makombo yakakoma, akala viluwiluwi vya mbu, vichache. Baada ya wiki tatu ukingo mpya wa mkia ukaota, mwangavu kama nailoni, kisha rangi ikaufuata. Gharama yote haikufikia bei ya dozi moja.

Oktoba 2022 alivimba tumbo, magamba yakasimama kama ganda la nanasi. Hali ikifika hapo, wanaopona ni wachache sana. Wafugaji wa samaki hutumia mafuta ya karafuu, zao lile lile la Unguja na Pemba, kumlaza samaki asihisi kitu, na wakizidisha kipimo haamki tena. Chupa ndogo ya mafuta hayo nilikuwa nayo, ya maumivu ya jino. Usiku wa kwanza niliishika, nikairudisha kabatini. Usiku wa pili vivyo hivyo. Nilijiambia kwamba hiyo ni subira. Alfajiri ya tatu nilimkuta ameelea ubavu. Hadi leo sijui kama nilingoja kwa ajili yake au niliogopa kwa ajili yangu.

Jirani yangu alikuja jioni. "Pole, Mwalimu," alisema, na safari hii hakucheka. Akakaa kidogo, kisha akauliza kama ile ndoo bado nina haja nayo.