Woga wa Mgonjwa Si Kukosa Imani



Katika sharika zetu za Pangani na pwani yote ya Tanga wamo wagonjwa ambao damu yao imepungua, wala sababu haijulikani. Wengine huvuja damu upesi, wengine hushikwa na homa zisizokoma. Tabibu akiisha kuipima damu ya mkononi asione asili ya ugonjwa, huenda akataka kuuchunguza uboho, yaani kile kitu laini kilichomo ndani ya mfupa, maana ndimo damu itengenezwamo. Kazi hii haifanyiki kila mahali. Mtu wa Pangani huweza kupelekwa kwanza Bombo mjini Tanga, kisha Muhimbili kule Dar es Salaam, au KCMC kule Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Basi mgonjwa akisikia kwamba sindano itaingia mfupani, moyo wake huyeyuka. Hukumbuka masimulizi ya zamani ya mumiani, au hudhani kwamba uti wa mgongo utatobolewa. Ndipo Mkristo mwenzake humjia na kumwambia, “Usiogope, ukiwa na imani hutasikia kitu.” Mgonjwa huona haya, akanyamaza. Na wako wasiokwenda kabisa, hata ugonjwa ambao pengine ungalitibika ukawashinda. Neno lile laonekana kuwa la imani, kumbe ni mzigo aliotwikwa mtu dhaifu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na tumtazame Bwana wetu katika Gethsemane. Hakuificha fadhaa yake. Aliwafunulia wanafunzi watatu huzuni ya roho yake, akawaomba wakeshe pamoja naye. Akaanguka chini, akamwomba Baba amwondolee kikombe kile. Je, yeye alikosa imani? Hasha! Imani yake ndiyo iliyompeleka kwa Baba pamoja na fadhaa yake. Waliokosa usiku ule ni wale waliolala usingizi.

Labda mtu atasema, “Pale Golgotha Bwana alipewa divai iliyochanganywa na dawa, naye akaikataa. Je, haitupasi sisi nasi kuikataa dawa ya ganzi?” Twajibu: kikombe kile alikinywa yeye peke yake kwa ajili ya dhambi zetu, wala hakuna aliyebakiziwa tone. Maumivu yetu hayanunui kitu mbele za Mungu. Naye Bwana alipotufundisha habari za Msamaria, alimsifu mtu aliyetia mafuta na divai katika jeraha. Tena Dakta Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akiieleza amri ya tano, afundisha kwamba kutomwumiza jirani hakutoshi. Yatupasa kumsaidia katika haja zote za mwili wake. Luther mwenyewe aliyajua maumivu: mwaka 1537, kule Schmalkalden, ugonjwa wa mawe ulimshika hata akadhani atakufa. Katika siku zake dawa ya ganzi ya sindano haikuwako. Ni mwaka 1884 tu ambapo Karl Koller, tabibu wa Vienna, alionyesha kwamba jicho laweza kutiwa ganzi likapasuliwa. Je, tuikatae zawadi hii ambayo baba zetu hawakuipata?

Inafaa walimu wayajue mambo yenyewe, kwa kuwa hofu hupungua mtu ajuapo litakalomjia. Mgonjwa hulala kifudifudi au kwa ubavu. Tabibu husafisha ngozi nyuma ya nyonga, hutia ganzi katika ngozi mpaka kwenye utando wa mfupa, hungoja ikolee, kisha huingiza sindano nene. Uti wa mgongo hauguswi. Kinachotolewa ni kidogo, na mwili hukitengeneza tena. Kazi yote kwa kawaida haizidi nusu saa. Lakini uboho unapovutwa, mgonjwa husikia mvuto mkali, pengine hata mguuni, kwa sekunde chache, kwa maana ganzi haifiki ndani kabisa. Tusimfiche neno hili. Akidanganywa hapa, hatatuamini tumwambiapo habari za mbinguni.

Kabla ya siku ile mgonjwa amwambie tabibu kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama dawa yo yote ilipata kumdhuru. Aulize bila haya: Je, ganzi imekolea? Je, iko dawa ya kunituliza? Akipewa hiyo ya kutuliza, asirudi kwake peke yake. Sindano iingiapo, asijitikise; avute pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu zaidi, akilitaja jina la Bwana katika kila pumzi. Petro alipoanza kuzama hakusali sala ndefu, naye alishikwa mkono mara. Akisikia maumivu yasiyovumilika aseme. Kusema si uasi.

Baadaye jeraha hukandamizwa, hufunikwa, nalo huachwa kavu muda wa siku moja. Maumivu ya siku chache ni ya kawaida, naye ameze dawa aliyoagizwa na tabibu. Lakini damu isipokoma, au ikija homa, au usaha, arudi hospitali upesi.

Enyi wazee wa kanisa na walimu, kazi yetu haiishi kwa kuomba Jumapili. Mchango wa usharika na uwe na nauli ya watu wawili, mgonjwa na wa kukesha naye. Tena majibu huenda yakachukua siku nyingi, na kungoja kwaumiza kuliko sindano. Siku hizo tusimwache peke yake, wala tusimpe maneno mengi. Tuketi naye, tuombe naye, tule naye.

Naye Mungu, ambaye Neno lake hupenya hata viungo na vilivyomo ndani ya mifupa, anaijua hofu iliyofichwa huko, wala haichukii. Awape wagonjwa wetu ujasiri wa kwenda, na sisi macho yasiyosinzia. Amina.