Mguu, Mzigo na Kalamu: Juu ya Deni la Msanii Atembeaye

Insha hii inanuia kujadili swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuhusu tabia za wasanii tu, ilhali kwa hakika ni la kimaadili: je, msanii anayepata ilhamu kutokana na mwendo mrefu wa miguu anadaiwa chochote na wale waliomwezesha kutembea?

Imani kwamba mguu huamsha fikra ni kongwe. Matsuo Bashō, mshairi wa Kijapani, alianza mwaka 1689 mwendo wa miezi kadhaa kuelekea kaskazini mwa nchi yake, na humo kikatoka kitabu chake mashuhuri. William Wordsworth wa Uingereza alizoea kutunga akitembea. Sababu yake si fumbo. Hatua zina mapigo, na mapigo ni jirani wa mizani. Aidha, mtembeaji huiona dunia kwa kadiri ya mwili wake, wala haimpiti kasi. Hatuna budi, basi, kukubali kwamba kutembea huweza kuzaa sanaa. Tunachokitilia shaka ni picha ya msanii mpweke ambayo huandamana na imani hiyo.

Shairi la Wordsworth kuhusu maua ya dafodili lina msemaji anayezurura peke yake. Lakini siku alipoyaona maua hayo, tarehe 15 Aprili 1802, alikuwa na dada yake Dorothy, ambaye aliyaeleza kwa makini katika shajara yake. Shairi lilipochapishwa mwaka 1807, dada huyo hakuwamo. Bashō naye alifuatana na mwanafunzi wake Sora; tofauti ni kwamba alimtaja, na baadhi ya mashairi ya Sora akayaweka kitabuni.

Katika Kiswahili suala hili lina uzito zaidi, maadam sehemu ya nathari yetu ya safari ilizaliwa katika misafara ya biashara, ambamo wachache walisimulia na wengi walibeba. Tawasifu ya Tippu Tip, iliyochapishwa na Heinrich Brode kuanzia mwaka 1902, ni ushahidi mzito. Msimulizi anaeleza bila haya jinsi wapagazi wa Kizaramo walivyomtoroka, naye akakamata watu na kuwatia minyororo ili mizigo isonge mbele. Kwa upande mwingine, katika mkusanyiko uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, Salim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, aliyokwenda akiwa mtumishi wa Mjerumani. Safari ile haikuwa ya miguu tu, lakini inatufunza jambo: mtumishi akishika kalamu, bwana ndiye anayegeuka kuwa mhusika.

Hapana shaka kutatolewa pingamizi kwamba sanaa si daftari la madeni, na kwamba mshairi ana uhuru wa kubuni. Pingamizi hili lina nguvu, nasi hatudai kila mpagazi atajwe kwa jina. Tunadai jambo dogo zaidi: msanii asiugeuze msaada kuwa upweke, kisha akaufanya upweke huo kuwa ndio thamani ya kazi yake. Wala hatusemi kwamba Tippu Tip alikuwa mtu mwema kuliko Wordsworth, la hasha. Ukweli wa matini haumtakasi mtu. Ila matini iliyoacha minyororo ionekane imetuachia uwezo wa kumhukumu mwenye kusimulia, ilhali matini iliyomfuta dada haituachii hata swali la kuuliza, mpaka tuifikie shajara.

Kwa msomaji wa Eldoret jambo hili haliko mbali. Katika barabara ya kwenda Iten mwanariadha anafanya mazoezi, mwanafunzi anawahi shule, na mwanamke amejitwika kuni. Wote wanatembea, lakini ni wachache wanaoweza kuuita mwendo wao ilhamu. Anayetembea kwa hiari hupita katika njia zilizokanyagwa na wanaotembea kwa lazima.

Nakiri kwamba nasema haya nikiwa mdaiwa. Miaka kadhaa iliyopita niliteremka kwa miguu kutoka ukingo wa Elgeyo hadi Bonde la Kerio, nikitafuta shairi. Katikati ya mteremko nilipotea. Mama mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani na kiroba cha unga kichwani alinionyesha njia ya mbuzi, akatangulia, akawa anasimama kila mara kuningoja, mimi nisiye na mzigo. Shairi nililipata. Katika ubeti wake wa kwanza nilisema kwamba mlima ulinifungulia njia.

Wenzangu waliusifu ubeti huo, nami nikazipokea sifa. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kwa sababu mwingine alinipitisha. Hivi karibuni nimeuandika upya. Mama yumo, na kiroba chake kimo. Kina kimoja kimevunjika, na sijapata kingine cha kukiziba. Nimeamua kukiacha hivyo, kwani kosa hilo la arudhi naweza kulitetea mbele ya mhakiki yeyote, na ule uzuri wa kwanza sikuweza kuutetea mbele ya mama yule.