Jambia la Hadithi na Mkuki wa Historia

Hakuna umri upendao habari za ushujaa kuliko ujana, na hakuna ushujaa uwavutiao vijana kama ule wa mnyonge aliyemwangusha mwenye nguvu. Katika miaka ya karibuni imeenea aina ya riwaya ambayo shujaa wake si mfalme wala jemadari, bali ni msichana wa umri wako, msomaji, aliyefunzwa kuua kwa siri. Riwaya hizo huwekwa katika zama za kale, zikachanganywa na miujiza na miungu, na ndani yake binti hupenya katika majumba ya wakubwa akiwa ameficha jambia ndani ya vazi lake au sumu ndani ya pete yake. Wasomaji wake ni wengi, wasichana kwa wavulana. Swali ninalotaka tulipime pamoja ni hili: je, ni haki mioyo yetu kumshangilia muuaji wa siri kwa sababu ni mnyonge, na kwa sababu tumeambiwa kwamba aliyeuawa alistahili kufa?

Tuanze kwa kuzitendea insafu riwaya zenyewe, maana si vema kukihukumu kitabu kabla ya kukifungua. Chukua kwa mfano Grave Mercy ya Robin LaFevers, iliyochapishwa mwaka 2012. Mambo yake yanatokea Brittany, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa, katika siku za mtawala msichana aliyeitwa Anne. Huyu Anne alikuwa mtu wa kweli. Alirithi utawala mwaka 1488, naye ana umri wa miaka 11 tu, huku amezungukwa na maadui. Ismae, ambaye ni msichana wa kubuni, anaozwa na baba yake kwa mwanamume katili. Anaokolewa na kupelekwa katika nyumba ya watawa wanaomtumikia mungu wa mauti, na huko anafundishwa sumu, silaha na hila.

Si ajabu hadithi kama hiyo ipendwe. Msichana asiyekuwa na kauli juu ya ndoa yake mwenyewe sasa anayo kauli juu ya uhai wa makabaila. Aliyekuwa akipigwa sasa anaogopwa. Kila msichana aliyepata kuambiwa anyamaze mbele ya watu asiowaheshimu hupata faraja katika kurasa hizo, na faraja hiyo si dhambi. Hamu ya kuiona haki ikitendeka ni hamu njema, ijapokuwa hutokea ikavaa nguo za damu.

Walakini, yako mambo mawili ambayo hadithi hutufichia. La kwanza ni hili: mtunzi anao uwezo ambao hapana mwanadamu aliyepewa, yaani kuijua mioyo ya watu wake wote. Akisema kwamba fulani ni mhaini, basi huyo ni mhaini, na jambia linalomchoma limefika mahali pake. Katika ulimwengu wetu hakuna anayetuazima elimu hiyo. La pili ni kwamba hadithi ina ruhusa ya kufunga pazia mara tu adui anapoanguka. Historia haina ruhusa hiyo. Asubuhi hupambazuka, na watu wengine huamka kulipa deni la jambo lililofanyika usiku.

Ili tuyaone mambo hayo kwa macho yetu, hatuna haja ya kusafiri hadi Brittany. Twende Chepilat, soko lililo katika nchi ya majani ya chai, kwenye mpaka wa kaunti za Bomet na Nyamira. Upande mmoja wanakaa Wakipsigis, na upande wa pili Wagusii. Hununua na kuuza pamoja, na watoto wao huweza kukaa katika dawati moja. Lakini kila upande unayo hadithi yake ya mauaji ya hila, na ni nadra hadithi hizo mbili kusimuliwa kwa pumzi moja.

Hadithi ya Wagusii ni ya mwanamke. Mwaka 1905 Wagusii walipambana na jeshi la Waingereza, nao wakafa wengi, kwa kuwa mkuki haukuweza kushindana na bunduki ya rashasha. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilikaa Kisii ikiwa na ofisi yake, kodi yake na askari wake. Moraa Ngiti, mwanamke aliyeheshimiwa kwa unabii na uganga, hakukubali kwamba mambo yamekwisha. Aliwahimiza vijana wamwondoe mgeni, na kijana aliyeitikia mwito wake aliitwa Otenyo. Mwezi wa Januari mwaka 1908 Otenyo alimvizia njiani mkuu wa wilaya, Geoffrey Northcote, akampiga mkuki.

Kama hii ingekuwa riwaya, Northcote angekufa, nchi ingekuwa huru, na kitabu kingefungwa. Lakini Northcote hakufa. Alipona jeraha lake, akaendelea kupanda vyeo, hata mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni wengine. Jeshi liliingia katika nchi ya Wagusii, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, na watu wengi wakauawa. Mauaji yalizidi kiasi hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni huko London, akapeleka lawama kwamba watu wasio na kinga wanauawa kupita mpaka. Otenyo naye alikamatwa akauawa. Wengi wa wale walioteketezewa nyumba hawakuwa wameushika mkuki ule, wala hawakuulizwa kama urushwe.

Sasa tuvuke kwenda upande wa pili wa soko. Wakipsigis na Wanandi ni ndugu wa lugha na wa asili, na msiba wa Wanandi huhesabiwa kuwa msiba wa nyumba moja. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza kwa muda wa miaka kama kumi, wakati reli ilipokuwa ikipita katika nchi yake. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na ofisa wa jeshi, Richard Meinertzhagen. Koitalel alifika, na hapo alipigwa risasi akafa, pamoja na wengi wa wenziwe. Meinertzhagen alidai kwamba alikuwa akijikinga na mtego. Wanaomkumbuka Koitalel husema kwamba mtego ulikuwa wake yeye Meinertzhagen. Mabaraza ya jeshi yaliyolichunguza jambo hilo hayakumtia hatiani. Fimbo za uongozi za Koitalel zilichukuliwa Uingereza, zisirudi hata mwaka 2006.

Ziweke habari hizi mbili ubavu kwa ubavu, msomaji, uone jinsi moyo wako unavyocheza. Otenyo alipovizia, tulisema huu ni ujasiri. Meinertzhagen alipoua mkutanoni, tulisema huu ni usaliti. Na wazee wa Kiingereza wa siku hizo walisema vivyo hivyo, ila waligeuza majina. Wahenga walituonya juu ya mizani ya namna hii waliposema kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Kila mtu huionja hila kwa utamu inapompata mwingine, na kwa uchungu inapompata yeye.

Najua jibu utakalonipa, nalo si jibu dogo. Utasema kwamba wawili hawa si sawa. Mmoja alikuja na bunduki katika nchi isiyo yake. Wa pili alikuwa akitetea mji wa mama yake. Mwenye nguvu anazo njia nyingi, naye akichagua hila amechagua uovu. Mnyonge hana njia nyingi, naye akichagua hila pengine amechagua kile tu kilichobaki mkononi. Utaongeza kwamba dawa ya moto ni moto. Na utaniambia pia kwamba dhambi ya kuchoma nyumba za Wagusii iko juu ya kichwa cha aliyezichoma, wala si juu ya kichwa cha Moraa.

Yote hayo nayakubali isipokuwa lile la moto. Tofauti ya mwenye nguvu na mnyonge ni tofauti ya kweli, na mwamuzi mwadilifu lazima aiweke katika mizani. Lakini inapima mtenda. Haibadili jina la tendo. Njaa humpunguzia mwizi lawama, lakini haiufanyi wizi kuwa kazi. Kadhalika dhuluma humpunguzia mnyonge lawama ya kuvizia, lakini haiufanyi uviziaji kuwa kipimo cha ushujaa ambacho vijana wote wakitamani. Maana mtu akiisha kusadiki kwamba kuua kwa siri ni kuzuri maadamu upande wake una haki, hatakosa sababu ya kuua. Ni nani aliyepata kushika jambia akasadiki kwamba upande wake hauna haki?

Tena liko jambo lingine. Anayeua kwa siri huamua peke yake kwa niaba ya wengi. Mfananishe na mwanamke mwingine wa zama zile zile, Mekatilili wa Menza, wa Wagiriama wa pwani. Mwaka 1913 serikali ilipodai kodi na vijana wa kwenda kufanya kazi, Mekatilili hakutafuta sumu. Alikwenda mbele ya watu mchana, akasema kwa ulimi wake, na yeye pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola wakawaita watu kayani kula kiapo cha kukataa. Serikali ilimkamata, ikampeleka uhamishoni mbali na bahari, huku kwetu magharibi, katika nchi ya Kisii. Mwezi wa Januari mwaka 1914 alitoroka, akashika njia ya kurudi pwani kwa miguu.

Sisemi kwamba uwazi wake uliizuia damu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, Wagiriama wakafa na nyumba zao zikachomwa. Gharama ilikuwa kubwa kama ile ya Kisii. Tofauti ni kwamba uso wa Mekatilili ulionekana. Aliyemfuata alijua anamfuata nani, na kwa jambo gani. Aliyempinga aliweza kumjibu. Watu walioingia katika hatari waliingia wakiwa wamesikia hoja. Huo ni ushujaa ambao mtu aweza kuushiriki, kuupinga au kuurekebisha. Ushujaa wa jambia hauwezi kurekebishwa, kwa kuwa watu huujua baada ya kwisha kutendeka.

Je, basi tuzitupe riwaya za wasichana wauaji? La. Riwaya iliyo bora katika kundi hilo hulijua swali hili, hata ikaliweka katika moyo wa shujaa wake. Ismae amefundishwa kwamba mungu wa mauti huwatia alama wanaostahili kufa, na kazi yake ni kutii. Lakini huja siku anapoamriwa amwue mtu ambaye yeye mwenyewe amemwona kuwa mwaminifu, naye anakataa. Huja pia siku anapoiona alama ile juu ya askari wanaokata roho vitani, akatambua kwamba alama ya kufa si ushahidi wa hatia. Kwa maoni yangu hapo ndipo ushujaa wake unapoanza. Kuua alifundishwa na wengine. Kuuliza alijifunza mwenyewe.

Basi zisome, lakini zisome ukiwa na maswali matatu. La kwanza: nani ameamuru, naye amejuaje kwamba anayeuawa ana hatia? La pili: aliyeuawa amepewa uso na sauti, au ni kinyago kilichochongwa ili kiangushwe? La tatu: kesho yake nani atalipa? Kitabu kinachostahimili maswali hayo ni rafiki yako. Kisichostahimili kinakufurahisha jioni moja, lakini usikipe kazi ya kukufundisha hukumu.

Maswali hayo si ya vitabuni tu. Mpaka wa Chepilat umepata kuona nyumba zikiungua katika siku zetu, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na walioumia hawakuwa watu wa hadithi. Katika siku kama hizo kila upande huwa na orodha ya watu wanaosemwa kuwa wanastahili, na huwapo kijana anayeambiwa kwamba usiku huu yeye ndiye shujaa. Kijana huyo huenda akawa mwanafunzi mwenzako, huenda ukawa wewe. Ukifikiwa na neno hilo, liulize kama Ismae alivyouliza. Na kama una la kusema juu ya dhuluma, lisemee mchana, mbele ya watu, kama alivyofanya Mekatilili. Na siku nyingine, mkiwa mmeketi katika dawati moja, mwombe mwenzako wa upande wa pili akusimulie hadithi ya kwao, nawe umsimulie ya kwenu, mzipime zote mbili kwa mizani moja.