Wito na Haki ya Kugoma katika Kazi ya Tiba

Swali la iwapo mtaalamu aliyekabidhiwa uhai wa watu anaweza kugoma lina uzito wa pekee Ifakara, mji wa bonde la Kilombero nchini Tanzania ambao, mbali na mpunga wake, umejulikana kwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoanzishwa na wamisionari Wakapuchini, na kwa maabara ya utafiti iliyofunguliwa mwaka 1957 na Mswisi Rudolf Geigy. Mtaalamu wa maabara anayeinamia hadubini zamu ya usiku, akihesabu vimelea vya malaria katika tone nene la damu hadi chembe nyeupe 200 zitimie, akisusa kazi hamkomoi mwajiri kwanza, bali mtoto mwenye homa aliyelala wodini.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ingawa inamruhusu kujiunga na chama cha wafanyakazi, inaiweka tiba pamoja na maabara zake katika huduma muhimu, yaani zile ambazo kukatika kwake kunahatarisha maisha, na humo mgomo umezuiwa isipokuwa pale mkataba wa hali bora unapobainisha huduma za kiwango cha chini zitakazoendelea, na Kamati ya Huduma Muhimu ikauridhia. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012, ambao Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamuru usitishwe, ulionyesha jinsi katazo hilo lisivyotosha kuzima madai.

Mafundisho ya Kanisa Katoliki, ambalo wamisionari wake walianzisha hospitali hiyo, nayo hayamnyimi mtaalamu huyo chama chake: Papa Leo XIII alitetea vyama vya wafanyakazi mwaka 1891, na Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981, alikiri uhalali wa mgomo kwa masharti, akitaka huduma za lazima zilindwe. Wenye kusema kwamba kazi ya tiba ni wito, yaani utumishi unaopita ujira, husema kweli, ila neno hilo (na hili ni la kushangaza) husikika zaidi siku ya kudai malipo ya saa za ziada kuliko siku ya kuajiri. Wito humfunga mtaalamu kwa mgonjwa; haumpi mwajiri msamaha wa deni. Mwajiri anayefaidika na katazo la mgomo, kisha akaahirisha kila kikao na tawi la chama, hana haki ya kumdai mfanyakazi uvumilivu.