Nani Aingie Safinani?



Katika likizo ya Desemba wajukuu wetu watatu walikuja kukaa nasi, na jioni moja ya mvua wakatuwekea katika televisheni picha ya sinema iliyotengenezwa Marekani mwaka 1998, iitwayo Deep Impact. Sisi si watu wa sinema. Ujana wetu tuliumalizia katika chuo cha ualimu na mbele ya ubao, na picha tulizozijua utotoni ni zile zilizoletwa kijijini kwa gari la serikali, kutufundisha kupanda mahindi kwa mistari. Lakini hii tuliitazama saa mbili nzima bila kusinzia, na mwenzetu wa nyumbani aliuacha mchele aliokuwa akiuchagua ukabaki ungoni.

Habari yake kwa ufupi ni hii. Kijana mmoja wa shule, Leo Biederman, akitazama mbingu kwa darubini usiku, anaona nyota asiyoijua. Wataalamu wanapima na kugundua kwamba ni nyota yenye mkia, yaani bonge la barafu na mawe lenye upana wa kilometa 11 hivi, nalo laja kuigonga dunia. Rais wa Marekani (mchezaji ni Morgan Freeman) awatangazia watu wake. Chombo chapelekwa angani na mabomu ya nyuklia ili kulivunja bonge hilo, lakini lapasuka tu vipande viwili, kimoja kidogo na kimoja kikubwa, na vyote viwili vyaendelea kuja. Ndipo Rais anapotangaza shauri la pili. Katika jimbo la Missouri yamechimbwa mapango ndani ya mawe ya chokaa, yawezayo kuhifadhi watu 1,000,000 kwa muda wa miaka 2, mpaka vumbi litue na jua lionekane tena. Watu 200,000 wamekwisha kuchaguliwa: wanasayansi, madaktari, wahandisi, walimu, askari na wasanii. Hao 800,000 waliobaki watapatikana kwa kura itakayopigwa na kompyuta. Na mtu aliyepita umri wa miaka 50 hatatiwa katika kura hiyo.

Hapo mjukuu wetu wa darasa la sita aligeuka akatutazama. "Babu," akasema, "basi wewe na Bibi mngeachwa nje?"

Tulimjibu upesi, kama walimu tulivyozoea kujibu upesi, kwamba ndiyo, tena tungekubali kwa furaha, maana sisi tumekwisha kula chumvi nyingi na zamu ni ya watoto. Akaridhika, akarudi kutazama. Sisi hatukuridhika. Tulilala usiku ule tukijua kwamba tumemwambia mtoto neno ambalo hatujalipima.

Pengine msomaji atasema mambo haya ni ya kubuni, ya nini kuyapotezea usingizi? Picha ni ya kubuni, lakini hatari yenyewe siyo. Wale waliofika Mbozi wamekiona kwa macho yao kile kimondo cha chuma chenye uzito wa zaidi ya tani 10, nacho hakikuota pale kama mbuyu. Mwezi wa Julai 1994 vipande vya nyota yenye mkia viliigonga sayari ya Jupita, na wataalamu wakavitazama kwa darubini zao. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe kutoka angani lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk huko Urusi, na watu wapatao 1,500 wakaumia, wengi wao kwa vioo vya madirisha. Na tarehe 26 Septemba 2022 Wamarekani walikigongesha chombo chao kwa makusudi juu ya jiwe dogo la angani liitwalo Dimorphos, ili kuona kama laweza kusukumwa. Lilisukumika. Mzunguko wake ulipungua kwa dakika 32 hivi. Kwa hiyo wako watu wanaolishughulikia jambo hili, nasi twawashukuru, turudi kwenye letu.

Letu ni hili: mahali pasipotosha kuingia wote, nani aingie, na kwa haki gani?

Watunzi wa picha hawakuficha walikoyatoa majina yao. Mapango yale waliyaita Ark, yaani Safina, na chombo cha angani wakakiita Messiah, yaani Masihi. Mwenzetu, ambaye huijua Biblia yake kuliko sisi, alikumbuka mara moja kwamba Nuhu alikuwa na umri wa miaka 600 gharika ilipokuja. Kwa sheria ya Missouri, akasema, Nuhu mwenyewe angeachwa mlangoni na safina angeijenga nani? Tulicheka sana. Lakini kicheko hicho kina jambo ndani yake, tutalifikia.

Kwanza kura. Wako wanaosema kwamba kuamua uhai wa mtu kwa kura ni kuucheza kamari. Hatukubaliani nao. Kura ni ya zamani, na Mitume waliitumia walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda, ikamwangukia Mathiya. (Ni kweli pia kwamba askari waliitumia kugawana vazi pale msalabani. Kura ni chombo tu, huchukua tabia ya mkono ulioishika.) Uzuri wake ni kwamba haimwulizi mtu baba yake ni nani, wala haipokei bahasha. Aliyekosa hana wa kumlaumu, na aliyepata hana la kujivunia, awezalo ni kushukuru tu. Mwalimu yeyote aliyewahi kugawa vitabu 20 kwa watoto 45 anajua ninyi wasomaji tunasema nini.

Habari ya wale 200,000 ni ngumu zaidi. Tulipolisikia jina la walimu tulikaa vizuri kitini. Mwenzetu akatukumbusha kwamba tumestaafu. Twakubali kwamba watu watakaokaa miaka 2 chini ya ardhi watahitaji daktari, na kwamba bila wenye ujuzi huenda hao 800,000 nao wasingeokoka. Hata hivyo moyo una shaka. Maana siku utakapomwokoa mtu kwa sababu ya kazi yake, umekwisha kumwambia mkulima wa mihogo kwamba kazi yake si kitu, na tangu lini watu wakala bila mkulima? Wala picha haituonyeshi ni nani aliyeketi kuiandika orodha hiyo. Hali kadhalika haituonyeshi watu wa Afrika upande wa bahari ya Atlantiki, ambao wimbi lile halingewasahau. Hilo tunalitaja tu.

Sasa umri. Ziko hoja nzuri za kuwaacha wazee, nasi hatutaki kuzidharau kwa sababu tu zinatuchoma. Mtu wa miaka 60 ameona jua la miaka 60, na mtoto wa miaka 6 ameliona la miaka 6. Kama chakula ni kidogo, anayepewa ni yule ambaye bado hajala. Mama yeyote hufanya hivyo kila siku bila kusoma falsafa. Tena ulimwengu utakaoanza upya unahitaji watakaozaa. Basi kwa nini hatukulala?

Yatupasa kuwasimulia jambo ambalo hatujawahi kulisimulia. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja tuliyofundisha, msamaria mmoja alituma fedha za kumsomesha sekondari mtoto mmoja ambaye wazazi wake hawana uwezo. Waliostahili walikuwa 6, na tukayaandika majina yao ubaoni katika ofisi ya walimu. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 18. Alikuwa amechelewa kuanza shule kwa kuwalea wadogo zake. Kabla hatujaanza kuwapima, mwenzetu mmoja akasema, "Huyo ni mtu mzima, kesho ataolewa, tusipoteze wakati." Wote tukaitikia kwa kichwa. Dasta ilikuwa mkononi mwetu, tukalifuta jina lake. Kisha tukaendelea na wale 5 kwa uangalifu mkubwa, alama kwa alama, nyumba kwa nyumba, mpaka giza likaingia, na tukamchagua mvulana ambaye kwa kweli alistahili.

Baada ya majuma kadhaa msichana yule alikuja nyumbani kwetu. Hakulia, wala hakulalamika kwamba mwenzake amepata. Aliuliza neno moja tu: "Mwalimu, jina langu lilikuwamo?"

Tulimwambia lilikuwamo.

Ulikuwa uongo, na mpaka leo tunao. Huenda hata kama jina lile lingebaki ubaoni angeshinda yule mvulana. Hilo halitupunguzii kitu. Kukosa ni jambo moja, nalo binadamu huzoea. Kutohesabiwa miongoni mwa wanaoweza kukosa ni jambo jingine. Aliyepigiwa kura akakosa ameheshimiwa sawa na aliyepata, lakini yule ambaye jina lake halikutiwa ameambiwa kwamba shauri lile halimhusu, ingawa ni shauri la uhai wake.

Nasi tulipomjibu mjukuu kwamba wazee tungekubali kwa furaha, tulilifuta tena jina, safari hii letu na la Bibi yake ambaye hatukumwuliza.

Maana tazama jinsi picha yenyewe inavyokwenda baada ya tangazo lile. Mtangazaji wa televisheni, Jenny Lerner, ana nafasi ndani ya helikopta. Ampa mwenzake mwenye mtoto mdogo, naye aenda ufukoni kumngoja kifo pamoja na baba yake, ambaye walikuwa wamekosana. Wazazi wa msichana Sarah, waliokwama barabarani, wampa mtoto wao mchanga aende naye, wao wabaki. Na wale wa chombo cha angani, walipoona kwamba wamebakiwa na mabomu, wakiingiza chombo chao ndani ya kile kipande kikubwa, wakafa pamoja nacho, dunia ikapona. Miongoni mwao yumo rubani mzee, Tanner (mchezaji ni Robert Duvall), ambaye vijana walimdharau mwanzoni. Kijana mmoja alipopofuka macho kwa mwanga wa jua, yule mzee aliketi kando yake akamsomea kitabu. Tulipoona hapo tulijipangusa miwani. Mtu huyo umri wake umepita 50. Kule Missouri jina lake lisingetiwa katika kura.

Hawa wote walikuwa na kitu mkononi wakakiachilia. Hakuna serikali iliyoandika kwa niaba yao kwamba wametoa. Waswahili husema kutoa ni moyo, basi moyo huo ni wa mtu mwenyewe. Ukiutolea wewe umemnyang'anya, hata kama ulichonyang'anya kimemfikia anayestahili.

Mzee mmoja tunayeimba naye kwaya, tulipomweleza haya, alitupinga vikali. "Wewe," akasema, "serikali ina miezi michache, nyota inakuja, itazunguka kumwuliza kila mzee kama yuko radhi? Sisi wazee tunaoshindwa kumwachia kiti mama mjamzito ndani ya basi, tutaachia pango? Tia majina yetu na kila jina letu litakalotoka ni mtoto mmoja amekufa."

Hoja hiyo hatukuweza kuijibu yote, wala leo hatuwezi. Ni kweli kwamba bei ya kuyatia majina yetu ingelipwa na watoto. Kama sisi ndio tungeketi katika kiti kile cha Rais, huenda tungeiandika sheria ile ile. Lakini tungetaka isomwe kama ilivyo: wazee wetu, tunawanyang'anya nafasi yenu, na hatukuwauliza. Tusiwashukuru kwa zawadi ambayo hawakutoa. Mama yake Jenny, ambaye naye umri wake umepita, ajiua kabla ya maafa. Hatusemi ni sheria iliyomwua, maana ndoa yake ilikuwa imevunjika na huzuni yake ilikuwa ya siku nyingi. Lakini nyumba ilikuwa kimya sana alipokufa, na hakuna mtu pale sebuleni aliyesema kitu.

Usiku wa mwisho wa likizo tulimwita yule mjukuu wa darasa la sita tukamwambia kwamba jibu tulilompa siku ile halikuwa sahihi. Akashangaa, maana alikwisha kusahau. Tukamwambia kwamba Babu angetaka jina lake litiwe, na la Bibi litiwe, kisha tuone.

Akafikiri kidogo. "Na likitoka, utanipa mimi?"

"Tungekupa," tukasema, lakini safari hii tulichelewa kidogo kujibu, naye aliona. Bibi yake akamwambia akalale, basi la asubuhi halingoji mtu.