Barua ya Kijana Anayekwenda Monduli

Miaka michache iliyopita alitujia kijana wa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Tulimfundisha kipaimara, tukamsikia akiimba besi katika kwaya ya wanafunzi, na tulimfahamu mama yake, mjane anayeuza vitenge sokoni. Ombi lake lilikuwa dogo: barua ya mchungaji inayoeleza tabia yake, kwa kuwa alikuwa anaomba kujiunga na jeshi ili apate mafunzo ya uofisa. Tulimwambia aje kesho yake. Si kwamba tulikuwa na kazi nyingi siku ile, bali hatukujua tuandike nini. Alipofika mlangoni aligeuka akauliza, "Mchungaji, kwani ni dhambi?"

Sisi tunaoishi Arusha swali hilo tunalo karibu. Upande mmoja wa mji, njia ya Monduli, kipo chuo ambako vijana wetu, na miongoni mwao wenye shahada, hufundishwa kuwa maofisa. Mwisho wa mafunzo Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, huwatunuku kamisheni, nao hutoka pale wakiwa Luteni Usu huku akina mama wakipiga vigelegele. Upande wa pili, njia ya Moshi, ipo Makumira, ambako kanisa limewafundisha wachungaji kwa miaka mingi. Nyumba zote mbili humchukua kijana wa watu, humvika vazi ambalo hakuzaliwa nalo, na kumtuma mahali asipopachagua. Mmoja hukabidhiwa Neno, mwingine upanga. Je, Mungu ni yule yule kwa wote wawili?

Sisi Walutheri hatulianzi swali hili leo. Mwanajeshi mmoja aitwaye Assa von Kram alimwuliza Martin Luther kama askari naye anaweza kuokolewa, na mwaka 1526 Luther alimjibu kwa kijitabu kizima. Alitenganisha kazi na mtu anayeifanya. Kazi ya upanga, alisema, inaweza kuwa njema kama ya tabibu anayekata kiungo kilichooza ili mwili upone. Lakini mtu anayeushika upanga huo anaweza kuwa mwovu kabisa. Miaka minne baadaye Ungamo la Augsburg, katika ibara ya 16, lilikubali kwamba Mkristo anaweza kuwa askari na kupigana vita vya haki, ila likaweka mpaka: akiamriwa kutenda dhambi, yampasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kuonea watu na kuwasingizia, akawataka watosheke na mishahara yao.

Kwa hiyo jibu la haraka lilikuwepo: si dhambi. Lakini tulipokaa na jambo lile usiku tuliona kwamba jibu hilo linamtosha askari kuliko linavyomtosha ofisa. Yule akida wa Kapernaumu alimweleza Bwana Yesu kwamba akimwambia mmoja nenda, huenda, na mwingine njoo, huja. Huo ndio uzito wa uofisa. Kijana wa miaka ishirini na minne hukabidhiwa watu wapatao thelathini, wengine wana umri wa kumzaa, na neno lake moja linaweza kuwafanya walinzi au wauaji. Askari akikosa, mara nyingi hukosa peke yake. Ofisa akikosa, hukosa kwa mikono ya watu wengi, nao hubaki na doa hilo maishani.

Wapo wanaosema kwamba ndiyo sababu ya kuchukua wasomi: aliyesoma ana dhamiri pana, hawezi kuburutwa. Tungependa iwe hivyo. Lakini katika mji wetu huu huu, kwenye majengo ya AICC, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na kazi yake ilikwisha mwaka 2015. Hapo aliletwa Kanali Théoneste Bagosora, mhitimu wa shule ya maofisa ya Kigali, aliyesoma pia masomo ya juu ya kijeshi Ufaransa. Mwaka 2008 alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari akahukumiwa kifungo cha maisha, na baada ya rufaa kikawa miaka 35. Shule hakuikosa. Tena, ili sisi tusinyooshe kidole, hapo hapo mwaka 2003 alihukumiwa mchungaji mzee pamoja na mwanawe, daktari. Hatutaji dhehebu lake, maana lingeweza kuwa letu. Joho halikumzuia yule mzee, wala koti jeupe halikumzuia mwanawe.

Na katika Rwanda ile ile ya 1994 alikuwepo ofisa mwingine, Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Huyu alisoma kwanza Chuo Kikuu cha Dakar, kisha akaenda shule ya maofisa ya Thiès. Alikuwa mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha. Mauaji yalipoanza aliwatoa mafichoni watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyekuwa ameuawa, na baada ya hapo akaendelea kuwavusha watu wachache wachache kwa gari, kutoka kizuizi hadi kizuizi, akipita kwa maneno na mizaha. Tarehe 31 Mei alikuwa kizuizini Kigali bomu lilipoanguka karibu na gari lake, akafa. Alikuwa Mwislamu. Tunalisema hili katika kitabu cha kanisa bila kuona haya, kwa sababu Msamaria naye hakuwa wa sinagogi letu.

Basi wasomi wawili, maofisa wawili, mwaka mmoja, mji mmoja. Kilichowatofautisha si cheti. Sisi tunaamini kwamba saa ile mtu hatoi ila kile alichokwisha kukiweka akiba. Kukataa amri ya kuua hakuanzi siku amri inapotolewa. Huanza pale mwanafunzi anapokataa kununua mtihani ingawa wenzake wote wamechanga, au anapomtetea mwenzake wa mwaka wa kwanza anayedhalilishwa bwenini. Anayezoea kunyamaza hapo huenda Monduli akiwa amekwisha kujifunza somo baya, na mwalimu wa gwaride hawezi kulifuta. Lawama hiyo inatugusa sisi. Vijana hawa walikuwa mikononi mwetu kabla hawajafika mikononi mwa jeshi. Tuliwafundisha Amri ya Tano pamoja na maelezo yake ndani ya Katekisimu, wakaikariri vizuri, tukawapa cheti cha kipaimara. Tuliwauliza lini wangefanya nini wakiamriwa kinyume chake?

Kesho yake kijana alirudi. Tulimwuliza kwa nini anataka kwenda. Hakutudanganya. "Kwanza ni ajira, Mchungaji. Wenzangu waliomaliza mwaka juzi bado wapo nyumbani." Wengine wangeona jibu hilo ni la chini. Sisi tulikumbuka kwamba hata miongoni mwetu wapo walioingia chuo cha theolojia wakiwa na hesabu za namna hiyo, na Mungu alizifanyia kazi polepole.

Tulikwenda pia kwa mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa hataki. Kaka yake alikwenda vita vya Kagera, hakurudi. Hatukuwa na neno la kumfariji kwa haraka. Tulimwambia tu jambo ambalo yeye alilijua kuliko sisi: kwamba majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978, wako watu wa Kagera waliolala salama baadaye kwa sababu wana wa watu kama kaka yake walikubali kwenda. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nalijua. Lakini nani atamwangalia huyu wangu?" Swali lake lilikuwa zito kuliko la mwanawe. Kila Jumapili tunawaombea viongozi na walinzi wa taifa, tunasema amina, tunakwenda kunywa chai. Hakuna mzee wa kanisa anayejua ni vijana wangapi wa usharika wapo jeshini, wala nani kati yao hapati usingizi.

Barua tuliiandika. Tulisema ni mwaminifu, haibi, hanywi, na kwamba akiona mkubwa wake anakosea humwambia kwa heshima. Tuliongeza kwamba tunaomba hilo lisihesabiwe kuwa kasoro. Tulipomkabidhi tulimjibu swali lake la mlangoni: kwenda si dhambi, ila asituachie dhamiri yake tumtunzie huku kanisani kama mtu anayeacha begi. Aende nayo. Na siku atakapoamriwa jambo ambalo moyo wake unalikataa mbele za Mungu, ajue kwamba Luther aliwahi kumwambia mwanajeshi halisi kwamba akiwa na hakika bwana wake anapigana bila haki, asiende, hata ikimgharimu.

Leo ni ofisa. Akipata likizo huja ibadani, hukaa viti vya nyuma, na hushiriki Meza ya Bwana. Kazi yake hatuielezwi, nasi hatudadisi. Lakini jina lake, pamoja na ya wenzake sita tuliowagundua baada ya kuulizwa na mama yule, sasa yameandikwa katika daftari la usharika, na kila mmoja ana mzee mmoja anayempigia simu mara moja kwa mwezi. Mama hupita ofisini akitoka sokoni kuuliza kama wamepigiwa.