Utulivu wa Nani?



Familia kadhaa za usharika wetu tunapanga kwenda Kisiwa cha Mafia Desemba hii, msimu wa papa potwe. Katika kikao cha kwanza mmoja wetu alisema, "Twende kabla hawajapaharibu kwa mahoteli." Tuliitikia wote. Tumechoka na zamu za usiku, treni na bili. Tunataka mahali pasipo na kelele.

Ndipo mama mmoja aliyewahi kufundisha shule katika kisiwa jirani cha Juani akatusimulia. Usiku mmoja jirani yake alishikwa na uchungu wakati maji yamekupwa. Mashua haikuweza kuondoka mpaka yajae, na hospitali ya wilaya iko Kilindoni. Walifika salama, lakini alisema, "Usiku ule pia kulikuwa kimya."

Je, ni haki kutaka jirani aendelee kukosa ili sisi tupate pa kupumzika? Sisi wenyewe tuliondoka nyumbani kutafuta hospitali, umeme na shule. Hatuwezi kuwatakia watoto wetu hayo, kisha tuwaombee wengine wasiyapate.

Hatusemi kila jengo ni baraka. Matumbawe yakifa, samaki hupungua na mvuvi hulala njaa. Ndiyo maana Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Lakini wa kuamua nini kijengwe ni wenyeji kwanza, si mgeni wa wiki mbili.

Katika Marko sura ya 6, Yesu aliwaita wanafunzi wake waende mahali pa faragha wapumzike. Walipofika, watu walikuwa wametangulia. Hakulalamika kwamba pameharibika. Aliwahurumia.

Basi twende, maana kupumzika si dhambi. Tulale kwa wenyeji inapowezekana, tununue samaki kwa wavuvi, tuvae kwa heshima vijijini kwa kuwa wengi ni Waislamu, na tuombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Na sisi wauguzi tunawakumbusha: kinga ya malaria tuliyokua nayo imepungua kwa kukaa huku, na watoto waliozaliwa huku hawana. Muoneni daktari mapema mpate dawa za kujikinga.

Kikao kijacho, baada ya ibada, tutaanza na swali tulilolisahau: wenyeji wao wanataka nini?